Salamu Niliyosahau Kuikata

Jumatatu, 6 Oktoba

Sauti ya Maman Nsimire, mara ya nne leo, kwenye mashine ya kuhariri ya redio yetu. Nimekata jina la mlima. Nimekata jina la marehemu mume wake. Nimekata soko, mto, hata jina la mbuzi. Mashine imeshusha sauti yake mpaka anasikika kama mzee mwenye mafua. Hakuna wa kumtambua.

Lazima iwe hivyo. Yeye yuko upande huu wa mpaka, Gitambi, salama. Mdogo wake Faida bado yuko ng'ambo, upande wa Bukavu, kwenye mlima uleule, anauza mihogo na kusali kimoyomoyo. Nimemwapia Maman Nsimire kwamba Faida hataguswa. Nimeapa kwa jina la Papa, baba yangu mzazi.

Chai imepoa. Nimeinywa hivyohivyo.

Jumatano, 8 Oktoba

Kipindi kimeruka hewani saa saba mchana. Dakika ishirini. Jinsi vijana wenye bunduki walivyotaka kila mtu wa mlima anywe dawa yao ya vita. Jinsi kikundi chetu kidogo cha maombi kilivyokataa, na nyumba ya maombi ikachomwa tukiwa tunaimba.

Hewani nimesema "kikundi chao". Sikusema chetu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikatorokea dirishani na Maman, mama yangu mzazi. Papa hakutoka. Miaka kumi na minne sasa nawauliza watu maswali ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuyajibu. Ndiyo kazi yangu. Nalipwa kwa hiyo.

Papa Deo, mkuu wa redio, amenipigapiga begani: "Hata miye sikumujua huyu muntu." Leo nitalala vizuri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Marudio ya kipindi. Maman alikuwa anamenya viazi, redio imewekwa dirishani. Kisu kikasimama.

"Maombi," akaniita kwa jina langu. "Umeitika."

Sikuelewa. Nikasikiliza tena kwenye simu. Sekunde ya tatu, kabla ya swali la kwanza. Maman Nsimire anasema, "Ametulinda leo." Na sauti yangu, safi kabisa, haijaguswa na mashine, inajibu, "Na kesho."

Salamu yetu. Hakuna kanisa lingine linalosalimiana hivyo, si Bukavu, si Kamembe. Watu wa mlima wanatujua kwa salamu hiyo. Nimeisikiliza mara nne Jumatatu na sikuisikia, maana kwangu ni kama kupumua. Mtu akiisema, unaitika. Tulifundishwa hivyo kabla ya kutembea.

Mjinga. Mjinga kabisa. Nimekata mbuzi nikaacha salamu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Pikipiki mpaka Gitambi, vumbi mpaka kwenye meno. Maman Nsimire alishajua. Jirani wa kule mlimani alimpigia simu: vijana walifika kwa Faida jana jioni wakiuliza ni nani wa familia yake anaongea redioni. Faida alitorokea nyuma, kwenye migomba, na mtoto mgongoni. Simu yake imezimwa.

Nilianza kulia. Akaniambia, "Acha, batoto banakuona." Halafu, taratibu, "Weye ni muntu wa redio. Masikio yako ilikuwa wapi?"

Alinipa maharage.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekwenda ofisi ya watetezi wa haki hapa mjini Kamembe. Nimehudhuria semina zao tano, nimekula biskuti zao, nina vyeti vyao ukutani. Leo yule bwana mwenye tai amenipa fomu. Kurasa sita. Mwisho kabisa, sahihi ya mhanga.

Nikamwambia mhanga yuko porini na mtoto mgongoni. Akasema basi fomu itasubiri. Akanitabasamia! Nimeikunja ile fomu mara nne, nikaitia kwenye pochi. Bado iko humo. Kila nikitafuta ufunguo inanichoma kidole.

Jumanne, 14 Oktoba

Nataka kutoa kauli hewani. Papa Deo hataki. Anasema nikikanusha nitakuwa nimethibitisha, na nikiomba radhi nitakuwa nimewaonyesha vijana njia. Yuko sahihi. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba yuko sahihi. Nimempigia kelele hata hivyo. Fundi wa mitambo akatoka nje na kikombe chake.

Angalau kipindi kimefutwa kwenye mtandao. Nilikuwa naomba tangu Ijumaa. Siku nne! Kwa kubonyeza mara moja.

Simu ya Faida: imezimwa. Nimepiga mara nyingi kiasi kwamba yule mama wa mashine nimeanza kumchukia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mama Zuhura amekuja mlangoni kwetu Gihundwe. Ni jirani yetu, Mwislamu, anavuka mpaka kila asubuhi kuuza vitenge Bukavu. Nyuma ya meza yake sokoni, jana, alijificha mwanamke mwenye mtoto. Alitaja tu jina la dada yake wa Gitambi, jina ambalo Mama Zuhura alilisikia kwetu wiki hii. Mama Zuhura alimpeleka kulala kwa shangazi yake mwenyewe, hukohuko Bukavu.

Nikataka kuvuka saa hiyohiyo. Akanikataza. "Sauti yako banaijua, sasa unataka baone na sura? Bakia. Miye nitamuleta."

Nimebakia. Kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu ni hii ya kukaa kwenye kiti.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wamevuka daraja saa tatu asubuhi. Mama Zuhura mbele na furushi la vitenge, Faida nyuma, amevaa mtandio wa Mama Zuhura kama mke mwenza. Kadi yake ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho cha kule, ikatosha. Mtoto amelala muda wote.

Nilikuwa upande huu, karibu na wauza maembe. Nilijitayarisha kutukanwa. Faida alinipa mkono, akasema "Jambo", basi. Salamu ya kila mtu, si yetu.

Njiani kwenda Gitambi ndipo alipozungumza, akiangalia mbele. Alipotoka mlimani kulikuwa na kizuizi. Vijana hawakuuliza majina wala kadi. Walimwambia kila mpita njia, kwa upole kabisa, "Ametulinda leo," wakaangalia mdomo wake. Mzee mmoja mbele yake aliitika. Walimweka kando.

Faida aliuma ulimi. Alinionyesha alama.

Yule mzee simjui jina. Faida naye hamjui. Nimeuliza mara mbili, kama mwandishi wa habari, mpaka nikajichukia.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimekwenda Gitambi kuwapelekea sukari na sabuni. Maman Nsimire hakutaja redio. Tulichambua maharage watatu. Mtoto wa Faida alikuwa anatupa maharage nje ya ungo, moja moja, na kucheka.

Niliwaambia nitaandika habari ya yule mzee. Na safari hii nitasema "sisi", na jina langu mwanzoni. Maman Nsimire alisema sawa. Faida aliendelea kuchambua.

Saa tisa nikaaga. Faida alinisindikiza mpaka njiani, mtoto mgongoni. Tulisimama kungojea pikipiki. Akarekebisha kitenge, akaniangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Ametulinda leo."

Niliangalia barabara kwanza, huku na huku. Hapakuwa na mtu.

Nikaitika.