Viwavi Kwenye Asumini ya Zaina

Jumapili, 5 Oktoba
Kumwagilia asubuhi, mistari yote sita. Kwenye mitatu ya mwisho matumba yamegeuka zambarau. Nimepasua moja. Kiwavi wa kijani, mwembamba, amelala ndani kama mwenye nyumba. Nimepasua la pili. Naye yumo. Harusi ya Zaina ni Jumamosi na asumini yote inatoka hapa kwangu Kidahwe. Nimekaa chini mchangani.

Jumatatu, 6 Oktoba
Bwana shamba kaja. Kasema viwavi wakishiba hushuka kwenye udongo chini ya shina, hugeuka nondo, hutaga tena. Na mimi miaka yote nayaacha matumba yaliyoanguka yawe mbolea. Kumbe nafuga. Mjinga mimi. Dawa ipo, ila ukipiga usichume wiki mbili.

Jumanne, 7 Oktoba
Zaina nimemzaa mimi. Sijawahi kuliandika hilo. Dada Mwajuma hakujaliwa mtoto; Zaina alipoacha ziwa nikampa. Ndivyo ndugu tunavyofanyiana, na hakuna aliyenilazimisha. Amekulia Ujiji, Kasingirima, kwa dada. Hakufichwa, anajua. Mama ni dada, mimi Mama mdogo. Ni haki. Lakini namtamani. Nimemtamani tangu wiki ile ya kwanza, maziwa yakinidondoka na hakuna wa kunyonya. Bibi harusi anakwenda na kikuba cha asumini kifuani. Nataka siku hiyo awe na kitu changu mwilini. Basi, sitaki kingine.

Jumatano, 8 Oktoba
Mama Neema, jirani, kanikuta nanung'unika. "Piga dawa tu, shoga. Nani atajua?"
Nimechanganya. Nimebeba bomba mgongoni mpaka mstari wa kwanza. Hapo nikasimama. Ua hili litalala kwenye ngozi yake kutwa, jasho likilipata. Nimelitua bomba. Shetani nusura aniweze. Nimeokota viwavi kwa mkono mpaka kiuno kikakataa kunyooka.

Alhamisi, 9 Oktoba
Dada kapiga simu. Habari zimemfikia, Mama Neema hana dogo. Kasema nisijisumbue, Kigoma mjini yapo maua ya plastiki mazuri tu, hayanyauki. Kasema kwa upole, na upole ndio ulioniuma. Nikamwambia maua nitaleta, nikakata simu bila kuaga. Ni dada yangu mkubwa. Nimeona aibu mpaka jioni.

Ijumaa, 10 Oktoba
Viwavi. Kutwa nzima.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimechuma alfajiri, yakiwa bado yamefumba. Mistari sita, bakuli moja. Ya nywele hayakutosha, wameweka ya plastiki. Nimefunga kikuba kimoja, nikaenda nacho Ujiji kwa bodaboda, nimekipakata njia nzima.
Kukibandika ni kazi ya mama. Nikampa dada. Akakinusa, akafumba macho. Kisha akanirudishia: macho yake siku hizi hayaoni pini, nibandike mimi. Uongo. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ametia uzi kwenye sindano bila miwani.
Nikasogea. Sijasimama karibu na Zaina namna ile tangu alipoacha ziwa. Nimeichelewesha pini. Nimeichomeka, nikaichomoa, nikaichomeka tena upande mwingine. Zaina alikunja magoti kidogo ili nifike vizuri.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimefagia chini ya mashina yote, nikachoma takataka. Viwavi bado wapo, ila wachache. Manyunyu kidogo saa nane.
Zaina ameshafika kwa mumewe, Kasulu. Dada kapiga simu. Kasema nyumba imekuwa kubwa. Nikamwambia najua. Hakuna aliyekata. Tumekaa hivyo, kila mtu anamsikia mwenzake anavyohema, mpaka dakika zake zikaisha.