Paipai ya mwisho

Sange, Jumanne usiku

Bwana yangu ametembea! Kutoka kitandani hadi mlangoni, bila fimbo, wala hakunishika bega.

Tangu ajikate mguu na jembe kwenye mpunga, harufu ya mguu ule nilikuwa naisikia hata nikiwa jikoni. Dispanseri haina kitu, maana waasi wamefunga njia ya Uvira na dawa hazipiti. Muganga wa pale alinionea huruma: “Mama, weye uko na muti wa paipai nyuma ya nyumba. Kwaruza tunda bichi, umufunge nalo kila asubui.” Nilidhani ananifukuza kwa adabu.

Lakini tunda lile limekula usaha wote! Kidonda ni chekundu, kisafi. Nikaanza kuujaribu mti mzima. Mbegu nilizitwanga, nikazitia kwenye uji wa mtoto, akatoa minyoo. Majani ninayachemsha kwa ajili ya homa, ila hayo bado siyaamini sana.

Sasa kilichoniudhi. Juu ya mti lilibaki tunda moja, nimelitunzia kidonda. Jioni namkuta bwana yangu pale nyuma, ameliangua, analila!

“Ile ni dawa yako!” nikampigia kelele.

“Miye nimepona. Sasa iko chakula.”

Nimemgombeza mpaka majirani wakacheka. Halafu risasi zikasikika upande wa Kiringye. Waasi wakikaribia, itabidi tupande milimani. Siku zote hizi nilikuwa najiuliza nani atambeba, na kama hakuna...

Acha ale. Mwizi huyu sasa anaweza kukimbia.