Pitisha Juu

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini lile goti limekuachia usingizi, na shemeji na watoto hawajambo. Sisi huku miili ni mizima. Binti yangu ameanza kuvaa mashati ya baba yake. Yanampwaya mabegani, nami sijamkataza.

Barua yako niliipata. Uliomba muziki wa gari la kaka yako usiguswe na mtu mpaka uje. Wifi, kaa chini kwanza. Umeguswa.

Gari lilikaa miezi mitatu chini ya turubai. Lilipowekwa betri mpya, kabla hata sijawasha redio, nilifungua buti kuangalia ile amplifaya aliyoifunga mwenyewe. Nikakumbuka Jumapili yake ya mwisho, alivyolala humo miguu ikiwa nje, akijisemea: spika za mlangoni, pitisha juu, pitisha juu. Nikaitazama ile skrubu ya kuchujia sauti, nikaona mshale wake umeelekea chini, wala sikuangalia uko kwenye namba gani. Nikasema, maskini, hakuwahi kumaliza. Nikachukua bisibisi nikauzungusha mpaka juu kabisa. Nilidhani namsaidia.

Nilipowasha, mtangazaji alilia kama mbu ndani ya chupa.

Fundi wa kwanza alicheka mpaka akaegemea boneti. Alisema, mama, kupitisha juu si kupandisha mshale. Maana yake sauti nyembamba zipite mlangoni, nzito zizuiwe, ziachiwe spika kubwa ya nyuma. Kadiri unavyoupandisha ndivyo unavyozidi kuzuia; sasa umezuia hata koo za watu. Akauweka mshale kwenye namba themanini, akasema hapo ndipo wanapoweka wote. Milango ikatetemeka kama ina homa. Wa pili akasema mwenzake huyo ni fundi wa feni, akaweka mia na ishirini. Besi ikabaki nyuma peke yake kama mtu anayegonga kwa jirani. Wa tatu akasema masikio yangu ndiyo mabovu. Wiki tatu nzima, wifi! Juzi nimelipiga tairi teke, mimi niliyekuwa namgombeza kaka yako akifunga mlango kwa kishindo.

Kinachonikera zaidi ni swali lao moja. Kila mmoja huuliza, mwenyewe alipoweka ilisikikaje? Wa kwanza nilimjibu ilikuwa nzuri. Wa pili nilimjibu ilikuwa nzuri sana. Wa tatu nilimfokea afanye kazi iliyomleta, wala hakustahili.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Sijui ilisikikaje. Jumapili ile aliniita nikakae kiti cha mbele nisikie. Nilikuwa napiga nguo pasi. Akaniita tena, akatania kwamba nguo hizo hata zikipata pasi hazisafiri, nitazikuta. Nikamjibu kupitia dirishani kwamba nimechoka na makelele yake. Hakuita mara ya tatu. Alizima, akaingia ndani, akauliza kama kuna maji ya kuoga. Alhamisi tukamzika.

Kumbe alikuwa amemaliza, ndiyo maana aliniita. Nami niliyekataa kuisikia kazi yake ndiye niliyeifuta.

Naona aibu kukuandikia haya, lakini siku ya mazishi ulinisimulia kwamba Jumatatu alipita kazini kwako, mkakaa garini mkasikiliza nyimbo tatu mpaka chai yako ikapoa. Basi wewe umeisikia. Mafundi nimewafukuza wote. Njoo, hata ukija na hasira njoo nazo, ukae kiti cha mbele ufumbe macho. Mimi nitakuwa kwenye buti, nikizungusha kidogo kidogo. Ikifika alipoiweka yeye, niite.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na mkumbatie mama kwa niaba yangu. Binti anakusalimu.

Ni mimi mke wa kaka yako,
Wifi yako