Mgombea wa Juu ya Kochi

Humphrey, acha unachofanya usome hapa.

Unakijua kile kijitabu changu cha kampeni, cha Marekani kabla ya vita vyao vya utumwa. Kile chenye picha ya mgombea, nilichokitundika juu ya kochi nikawaambia watu wa mtaa wetu wote wa Husby, huku ughaibuni, kwamba huyu alikuwa mtetezi wetu sisi weusi.

Nilisoma jalada tu. Limeandikwa UHURU. Kurasa za ndani zimechakaa, niliogopa kuzichana nikizifunua.

Leo wageni wa kanisani walikuja kunywa kahawa. Gaudiosa akasema, "Mzee Ephraim, kitoe tusome." Nikakitoa kwa madaha. Akasoma kwa sauti: uhuru wa kila bwana kumiliki watumwa wake.

Uhuru wa bwana, Humphrey. Miaka minne namfuta vumbi.

"Ndiye mtetezi wetu huyu?" akaniuliza.

Nikamaliza kahawa taratibu. "Nilikuwa nangoja nione nani atasoma. Nimemtundika kwa adhabu, kila siku amtazame mtu mweusi akila keki kwenye kochi lake mwenyewe."

Wakapiga makofi, wakapiga na picha naye. Gaudiosa peke yake alininong'oneza mlangoni, "Umejitahidi, mzee."

Nimemrudisha ukutani. Adhabu yake imeanza leo. Nakula keki iliyobaki, ananitazama.