Biskuti za Mazoezi

Kaka yangu,

Shikamoo, na usiitikie haraka, kaa kwanza. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wale watoto ambao kwenye simu hawana neno lingine ila kuniuliza baba mdogo nimewaletea nini. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji lile jino alishaling'oa, au bado anaogopa? Sisi huku wazima. Mimi mzima kupita kiasi, suruali zinabana. Mama mzima, na habari zake ndizo zimenishikisha kalamu, maana kwenye simu wewe una swali moja tu, unaliuliza kama polisi, na mimi nikisikia sauti yako najikuta nimeshajibu kabla sijafikiri. Karatasi haina haraka. Mwandiko wangu unaujua, soma polepole.

Ulipoamua kwamba Mama akipona mguu ahamie kwako, uliniachia kazi moja: nimfanyishe mazoezi mpaka aweze kupanda ngazi za nyumba yako. Yule daktari wa viungo uliyemtafuta akaja. Mama kusikia daktari wa viungo, akamkaribisha jikoni aonje mchuzi kama umekolea. Kijana wa watu hata hakucheka. Akasema dawa ni kutembea, kila asubuhi auzunguke uwanja wa mpira ulio nyuma ya nyumba, na asitoke na tumbo tupu.

Hapo kwenye tumbo ndipo tulipokwama. Mama akinywa chai na mkate anasema amejaa, hatembei. Asipokula, akifika nusu ya uwanja anaona nyota, anakaa kwenye nyasi, na mimi namnyanyua kama gunia la viazi huku ananitukana kwamba namfinya. Daktari akasema ale shayiri, inatoa nguvu kidogo kidogo bila kumlemea. Zile pakiti ulizotuma nikazipikia uji. Mama akauangalia, akauliza nani mgonjwa humu ndani.

Mimi tena, unanijua. Nikasema kama hataki kuinywa, ataitafuna. Nikaenda kwa jirani yetu muoka keki, akanielekeza kupitia dirishani huku anapamba keki ya harusi ya watu: ponda ndizi zilizoiva sana, changanya na shayiri, tia siagi ya karanga, asali kidogo, zabibu kavu, chumvi ya kubana kwa vidole, na soda nusu kijiko. Kaka, nilitoka pale moja kwa moja mpaka dukani, nikanunua soda ya machungwa. Nikapima nusu kijiko, sikumwaga hata tone, iliyobaki nikanywa. Nikajiona mtaalamu. Mama alipoletewa biskuti akagonga moja mezani, akasema daktari wa viungo aitwe, nyundo yake ya kupimia magoti imepatikana.

Jirani alicheka mpaka akaharibu ua moja la keki. Akanipa soda yenyewe, ile ya unga mweupe ya kuokea, na akaniruhusu niingize trei yangu kwenye oveni yake ikiwa bado ina moto wa keki. Safari hii zikatoka laini katikati, pembeni zimekauka vizuri, harufu ya ndizi mpaka barabarani. Mama akala moja kabla ya kutoka, nyingine akaitia mfukoni mwa sweta, akawa anaimega huku anatembea. Akaumaliza mzunguko mzima bila nyota. Hakunishukuru. Alisema tu zabibu nimebania.

Sasa wale wanaokimbia pale asubuhi wakaanza kumuuliza anatafuna nini. Mimi nikaona dili limekuja lenyewe na viatu vya raba. Nikatafuta meza, nikaiweka getini kwa uwanja, na kwenye kipande cha boksi nikaandika kwa herufi kubwa: BISKUTI ZA MAZOEZI. Asubuhi nzima watu wanasoma, wanatabasamu, wanapita. Mama mmoja wa suruali nyekundu akanipa pole, akasema nisikate tamaa, hata yeye zamani alikuwa anaunguza. Kocha wa wakimbiaji akaniuliza kama hizi ni za mazoezi, za mechi zinatoka lini. Kaka, walidhani najifunza kupika! Walidhani nawauzia majaribio! Na kwa sura ya zile biskuti, siwezi kuwalaumu.

Aliyeniokoa ni Mama. Alimaliza kuzunguka, akaja akasimama mbele ya meza, akainua juu fimbo yake ya kutembelea, akawatangazia kwamba mazoezi yanayosemwa hapo ni yeye. Eti aliingia uwanja huu ameshikwa mkono kama bibi harusi, na leo fimbo kazi yake ni kumchapia huyu mwanawe asiyejua kuandika. Kisha akakaa kwenye benchi na kusimama, akakaa na kusimama, mbele yao, huku anatafuna. Watu wakacheka, wakanunua, meza ikabaki na makombo. Tangu hapo wanamwita Mama Mzunguko. Yeye ndiye anayeonja, yeye ndiye anayeamua nani apewe yenye zabibu nyingi na nani aache uvivu kwanza. Mimi ni mbeba meza. Juzi alinifukuza kazi asubuhi, mchana akanirudisha kwa sababu meza nzito.

Umeona nazungukazunguka. Haya, naliingia lenyewe. Kila ukipiga simu unauliza: ngazi anaziweza? Na mimi nakujibu, bado kidogo. Uongo, kaka. Anaziweza siku nyingi. Anapanda ngazi za jukwaa la uwanja mpaka juu kabisa, anakaa, anawazomea wanaokimbia kivivu, anashuka mwenyewe. Ile fimbo sasa tunaanikia matambara.

Nilikudanganya kwa sababu Mama hataki kuhama. Siku ulipotuma picha ya chumba, na rangi ile ya kijani anayoipenda, na kitanda kipya, aliiangalia sana, akasema kizuri, halafu akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nikamfuata. Akaniambia anakupenda na hana la kukulaumu, ila kwako wote mnatoka asubuhi, yeye atabaki anaangaliana na kitanda. Akasema miguu hii ameipatia hapa, akiipeleka ikakae kwenye kochi itamsusia. Kisha akaniuliza atakuambiaje, na wewe rangi umeshapaka. Nikamwambia aniachie mimi. Na mimi badala ya kukuambia, nikawa nakupiga chenga kila simu.

Najua utasema nimemng'ang'ania kwa ajili ya biashara. Sikufichi, akiondoka meza inakufa wiki hiyo hiyo. Lakini kaka, ungemwona pale juu ya jukwaa, anapiga kelele mpaka kocha mwenyewe ananyamaza. Ukiwa na hasira nipe mimi, nimezizoea tangu utoto. Yeye usimguse. Ukimpigia, mambo ya ngazi acha, muulize leo nani amekimbia vizuri, halafu weka simu mezani uendelee na kazi zako, ukirudi utamkuta bado anaongea. Na chumba usikivunje. Anasema shule zikifungwa atakuja kukaa na wajukuu, mradi kuwe na mahali pa kutembea.

Nisalimie shemeji, mwambie jino halitoki kwa maombi. Watoto waambie baba mdogo anawaletea biskuti, safari hii si ahadi. Jirani muoka keki anakusalimia ingawa hakujui. Nilitaka kukuongezea habari za mwenye nyumba na mbwa wake, lakini Mama amenisimamia hapa mlangoni. Nimemsomea yote, hakunikatiza hata mara moja, akafuta macho, akaenda kuvaa viatu. Kamba kazifunga mwenyewe. Nimemwambia posta ni mbali, naipeleka mimi. Amesema anajua ni mbali, bahasha niitie gundi upesi.

Ni mimi mdogo wako,
Mipango