Choo cha Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai 1975
Saruji imefika Mpanda kwa treni. Mifuko minne. Nimeileta kwa mkokoteni na kuifunika turubai. Fundi Mrisho anaanza kesho kung'oa sakafu. Mifuko miwili ya sebule, miwili ya baraza la mbele. Baraza nitalipaka rangi nyekundu, ling'ae, mtu akipita barabarani ajue hapa anakaa nani.

Veronika anataka choo cha pili. Mama yake anakuja kutoka Usevya kutibiwa macho, atakaa mwezi mzima. Anasema mama hawezi kuingia choo anachoingia mkwewe. Nimemwambia choo tunacho. Nimekichimba kwa mikono yangu, futi kumi na tano, kina mfuniko. Mimi ndiye Bwana Afya, nani wa kunifundisha habari za vyoo? Shimo halijui mkwe.

Akaendelea kupepeta mchele.

Jumatano, 9 Julai
Ukaguzi wa vyoo, Sitalike. Nimekwenda na Landrova ya idara. Vumbi mpaka kwenye meno.

Mzee mmoja, Gaudensi, ana choo kizuri nyuma ya nyumba lakini yeye anakwenda porini. Nikamwuliza sababu. Akasema mke wa mwanawe anakitumia, basi yeye hawezi. Nikamweleza mbele ya watu wote kwamba nzi akitoka porini haulizi mkwe ni nani, anatua tu kwenye ugali. Watu wakacheka. Nikarudia, wakacheka tena. Mzee aliangalia miguu yake. Nikamwambia balozi wa nyumba kumi amwandike kama mkaidi.

Siku nzuri ya kazi. Mara chache watu wananisikiliza hivyo.

Jumamosi, 12 Julai
Mama mkwe amefika kwa lori la mpunga. Ametuletea mchele, kuku wawili, na karanga. Amepungua. Macho yana utando, anashika ukuta akitembea. Tumesalimiana yeye akiwa ndani ya jiko, mimi nje, khanga ameishusha mpaka usoni. Ndivyo inavyotakiwa kwao. Na kwetu pia.

Nimempa chumba cha nyuma, karibu na jiko. Sebule imemwagwa saruji, haikanyagiki. Hospitali wamempangia Jumatatu tarehe 28, daktari wa macho atakapokuja.

Jumanne, 15 Julai
Mrisho ameanza baraza. Anajua kazi, lakini maneno mengi. Ameniuliza kwa nini nisibakize mfuko mmoja nikafunike shimo jingine kule nyuma, kwa ajili ya bibi. Sijui nani amemwambia. Nikamwambia aongeze upana wa baraza kwa futi mbili.

Veronika anasema mama hanywi maji. Chai anaonja tu. Nimesema wazee ndivyo walivyo.

Kila asubuhi kabla hakujapambazuka mama anatoka na rozari yake. Nimefurahi kuona bado anaishika misa ya kwanza, na macho yale.

Ijumaa, 18 Julai
Sitaki kuandika lakini naandika.

Mama Zuhura, mke wa mwenye duka jirani, amenisimamisha njiani nikitoka kazini. Akanivuta pembeni kwa adabu. Akasema, "Bwana Afya, samahani. Mwambie mkweo asione haya. Aje kwetu, choo kipo. Kule ng'ambo ya reli ataumwa na nyoka."

Kumbe hiyo ndiyo misa ya kwanza. Anavuka reli gizani, haoni, anakwenda kwenye vichaka kama mtu asiye na kwake. Halafu anakaa kutwa nzima bila kwenda tena. Ndiyo maana hanywi maji. Mtaa mzima unajua. Fundi anajua. Mimi ninayehesabu vyoo vya wilaya ndiye sikujua.

Nimefika nyumbani nikamgombeza Veronika. Nikamwambia amenivua nguo mtaani. Alisema tu, "Nilikuambia." Ni kweli aliniambia.

Jumamosi, 19 Julai
Nimepata njia. Mimi nitatumia choo cha ofisini, hata Jumapili nitakwenda kwa baiskeli. Hiki cha nyumbani namwachia mama. Nimemtuma Veronika akamwambie.

Jibu limerudi: "Mwambie baba asihangaike. Choo ni chake, ameshaingia humo. Mimi mgeni tu."

Nimekasirika. Nilidhani nimetoa kitu kikubwa. Kumbe nilikuwa natafuta njia ya kutochimba. Baraza limemeza saruji yote iliyobaki, na kazini Jumanne anakuja mkubwa kutoka mkoani. Nikaona choo kinaweza kungoja wiki moja. Hata kwa Mama Zuhura mama amekataa kwenda. Anasema ataonekana ametoroka kwa mwanawe.

Jumanne, 22 Julai
Mkubwa wa mkoa amekuja. Baada ya ofisi nikamkaribisha chakula cha mchana, yeye na wenzake watatu. Walikaa barazani. Akapapasa sakafu kwa kiganja, akasema, "Hii ndiyo nyumba ya mfano. Watu waje wajifunze hapa." Nikaagiza bia dukani. Wakakaa mpaka jua linazama. Nilikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu nihitimu.

Nyumba yangu ina ua wa matete nyuma. Njia ya kutoka ni moja tu, inapita ubavuni mwa baraza, mbele ya macho ya kila aliyekaa hapo.

Mama alikuwa ndani kutwa nzima. Hakuweza kupita mbele ya wanaume watano, mmoja wao mkwewe.

Veronika alikuja mara mbili kunikonyeza. Mara ya pili nikamwambia alete maji ya kunawa.

Jumatano, 23 Julai
Mama amelazwa. Alfajiri alikuwa anatetemeka, tumbo limevimba kama ngoma, mkojo hautoki. Tulimpeleka kwa mkokoteni ule ule wa saruji. Mimi sikuruhusiwa hata kumshika mkono. Nilisukuma nyuma nikiangalia pembeni.

Zamu ilikuwa ya tabibu Sikazwe. Tulisoma wote. Wamemwekea mpira wa kutoa mkojo. Anasema kibofu kimezuiwa muda mrefu mpaka kimekataa, na kuna ugonjwa juu yake. Akamwuliza mama kama anakunywa maji. Akamwuliza kama nyumbani choo kipo. Mama akavuta khanga usoni. Sikazwe akamgeukia Veronika.

Veronika akaniangalia. Halafu akasema, "Kipo kimoja. Ni cha mume wangu."

Sikazwe ni Mfipa kama mimi. Hakuhitaji kuelezwa. Aliandika kwenye karatasi muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo ya kuandika. Hakuniangalia usoni. Ningependa angenitukana.

Alhamisi, 24 Julai
Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema nina mgonjwa. Nimekata kona ya nyuma ya ua, mbali na choo changu, nikaanza kuchimba. Nimefungua na mlango mwingine kwenye matete, unaotazama kwa Mama Zuhura, mtu asipite barazani. Kazi ya mlango huo ilichukua nusu saa. Nusu saa. Ningeweza kuifanya siku yoyote.

Mikono imetoka malengelenge. Mrisho alikuja kudai sururu yake, akaniona shimoni. Akavua shati akaanza kutoa udongo kwa ndoo.

Futi nne.

Jumamosi, 26 Julai
Futi saba. Chini ni changarawe, sururu inaruka. Mama anaendelea vizuri, homa imeshuka. Mpira wametoa. Nimekwenda hospitali nikaishia mlangoni mwa wodi. Nilimsikia akimwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba ameumwa kwa sababu ya mwendo wa lori.

Veronika analala jikoni na mtoto wetu. Hajanikataza kuingia. Sijaingia.

Jumapili, 27 Julai
Misa. Sikupokea komunyo. Watu wameona.

Mama ameruhusiwa. Amerudi chumba cha nyuma. Nilikuwa nimemwomba Mama Zuhura, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, amkaribishe mpaka shimo liishe. Alikubali kabla sijamaliza. Safari hii mama amekwenda, Veronika akimshika mkono.

Jumatatu, 28 Julai
Daktari wa macho amefika. Mama amekataa kwenda. Anasema hospitali ile wameshamwona vya kutosha. Veronika amemsihi mpaka akalia. Mama anasema macho yatangoja mwaka mwingine. Kuna lori la Usevya kesho.

Macho yake yangetibiwa leo. Hili halifutiki hata nikichimba mpaka kwenye maji.

Jumanne, 29 Julai
Futi kumi. Nilikuwa chini, kichwa hakionekani. Nilisikia lori limesimama barabarani, honi mara mbili. Nilitaka kutoka, lakini ngazi ilikuwa juu na Mrisho alikuwa amekwenda kunywa chai. Nikasimama tu na sururu.

Nikasikia miguu. Ikasimama kabla ya kufika ukingoni, ili asinione nami nisimwone.

"Kazi njema, baba," akasema.

"Safari njema, mama. Nisamehe."

"Usichimbe peke yako," akasema. "Udongo wa huku unamomonyoka."

Halafu akaondoka. Nililia shimoni. Mrisho aliporudi nikamwambia ni vumbi machoni.

Jumamosi, 2 Agosti
Choo kimekwisha. Magogo juu, udongo, ukuta wa matete, mlango wa mabati. Hakina saruji hata kijiko. Ni imara.

Hakuna mtu wa kukiingia.

Jumatano, 6 Agosti
Sitalike. Nilimwambia dereva aningoje kwa balozi, nikatembea mpaka kwa mzee Gaudensi. Nilimkuta anasuka kamba. Nikamwambia nimekuja kufuta jina lake kwenye kitabu, na kumwomba radhi kwa kuwachekesha watu juu yake. Nikamwambia pia kwamba mkiwa wakwe wawili nyumba moja, vyoo viwe viwili, na kwamba nitamsaidia kuchimba.

Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Ufipa.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema.

Ndiyo. Nilijua. Baba yangu alikuwa na choo chake, na mke wa kaka yangu hakuwahi hata kuikanyaga njia yake. Nilijua tangu nikiwa mtoto. Nilitaka nionekane mtu aliyeyaacha hayo. Sikumwambia mzee maneno haya. Nayaandika hapa.

Tulichimba mpaka saa tisa. Dereva alipiga honi weee, akachoka.

Jumapili, 31 Agosti
Upepo. Anga jeupe kwa moshi wa nyika. Veronika amerudi kulala chumbani tangu juzi. Hatujazungumza juu yake.

Barua imetoka Usevya, ameiandika katekista kwa niaba ya mama. Nilimsomea Veronika tukiwa uani. Mama anatusalimu. Mpunga umekaushwa. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Macho ni yale yale, lakini anaweza kutambua watu kwa sauti. Halafu anasema amewaambia watu wote kijijini, na padre pia, kwamba mkwewe wa Mpanda alimtunza vizuri sana, na nyumba ni nzuri, hakupungukiwa kitu.

Hapo nikaacha kusoma. Veronika akaichukua barua mkononi mwangu, akaikunja taratibu, akaiweka ndani ya khanga yake. Akaenda kuangalia maharage.

Nimechukua karatasi nijibu. Nimeandika: Mama, shikamoo.

Ni saa kumi sasa. Bado ni hayo tu.