Bonasi ni ya Mteja Mpya

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetoka kazini Maple Grove, nyumba ya kutunzia wazee, nimepitia kununua unga na mboga ya sukuma. Nimekuta Sharon, mtoto wa dada yangu, anamsuka mtu sebuleni, nywele zimejaa zuliani. Nimemfokea. Siku hizi namfokea sana.

Kikombe cha Kerubo kiko mezani tena. Kimeoshwa, kimefunikwa. Si mimi niliyekitoa kabatini. Tangu dada yangu afe Januari, vitu vyake vinatembea humu ndani. Juzi ndara zake zilikuwa mlangoni pa bafu, na mimi nilizitia sandukuni kwa mikono yangu. Sijamuuliza mtoto. Naogopa jibu.

Neema, Mkongomani tunayelea wazee naye, amenionyesha tangazo la benki. Ukihamishia mshahara kwao wanakupa bonasi ya dola mia nne. Hizo hasa ndizo zinazonipungukia kwa tiketi ya Sharon ya Desemba. Mtoto hakumzika mama yake. Mchango ulitosha kusafirisha mwili na mtu mmoja, na huyo mmoja nikawa mimi. Alibaki hapa na jirani, anaangalia theluji. Lazima akaone kaburi.

Jumatano, 6 Agosti

Tumesoma masharti wakati wa chakula. Neema hana mchezo na maandishi madogo. Yeye alishanyimwa mara moja, alijitumia hela kutoka akaunti nyingine akadhani itahesabiwa kama mshahara. Haihesabiwi. Lazima itoke kwa mwajiri. Pia akaunti isifungwe kabla ya miezi sita, la sivyo wanaichukua bonasi yao. Na uwe mteja mpya: usiwe umewahi kuwa na akaunti kwao ndani ya miaka miwili.

Hilo la mwisho limenichekesha. Benki hiyo hata mlango wake siujui.

Nimejaza kila kitu kwa simu. Ikaandika: Karibu tena, Moraa.

Tena? Mashine nazo huropoka.

Ijumaa, 22 Agosti

Mshahara umeingia kwenye akaunti mpya. Shangwe peke yangu jikoni.

Halafu nikasikia simu ya Kerubo. Ule mlio wake wa ndege, wa kuudhi, nilimwambia mara ngapi aubadilishe. Mlio mmoja tu. Simu hiyo niliitafuta baada ya msiba nikaikosa. Leo nimepekua makochi, nimeinua magodoro. Hakuna kitu. Sharon alikuwa bafuni, maji yanamwagika.

Labda nahitaji likizo. Labda nahitaji kuombewa.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani wametoa bango jingine la msiba. Picha ya marehemu anacheka, chini nambari ya akaunti, chini kabisa kiasi kinachotakiwa. Ndiyo sisi. Mtu akifa, chai haijapoa kamati imeshakaa, mwenyekiti amechaguliwa, akaunti imefunguliwa kwa jina la ndugu wa karibu. Hatutupi mtu wetu ugenini.

Nimejaribu kukumbuka bango la Kerubo. Nakumbuka ile picha yake ya gauni la kijani. Nakumbuka niko ndani ya gari la Mwenyekiti, baridi kali, ananipa kalamu. Mengine giza.

Jumanne, 30 Septemba

Wamekataa! Ujumbe umekuja: hustahili bonasi, wewe si mteja mpya.

Wezi. Nimewapigia, nimesubiri na muziki wao hadi sikio likapata moto. Msichana akasema niende tawini na kitambulisho. Nitaenda. Watanijua.

Jumatano, 1 Oktoba

Acha niandike yote.

Keshia alikuwa mpole. Nilimfokea, akageuza skrini nione mwenyewe. Akaunti kwa jina langu, ilifunguliwa Januari. Imepewa jina: Kumpeleka Kerubo Nyumbani.

Kalamu ile. Gari lile. Nilitia sahihi bila kuangalia hata jina la benki.

Nikaona aibu. Nikamwambia basi, hiyo ni ya msiba, ilishakwisha. Akasema haijakwisha, hela zinaingia kila mwezi. Za mwisho ziliingia wiki jana.

Nikauliza zinatoka kwa nani. Akasoma jina taratibu, hajui kulitamka. Kerubo. Jina la dada yangu, na la baba yetu nyuma yake.

Mimi nilimwona Kerubo akishushwa. Nilimtupia udongo kwa mkono huu. Nimetoka pale bila koti, nimekaa garini hadi vioo vikaingia ukungu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimempigia Mwenyekiti. Yeye alidhani niliifunga mimi. Mimi nilidhani kamati iliifunga. Woi. Kila mtu alimwachia mwenzake.

Nimemuuliza kuhusu mtumaji. Amesema tuombe.

Naogopa nyumba yangu mwenyewe. Ndara ziko mlangoni pa bafu. Nimezipita bila kuzigusa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Sharon alikuwa anamaliza kumsuka mteja. Mteja akatoa simu akalipa. Ndege akalia, ndani ya mfuko wa sweta ya Sharon.

Nilisubiri mteja atoke. Nikanyoosha mkono. Akanipa, ya Kerubo, kioo kimepasuka pembeni kama zamani.

Akalia. Mimi nikakasirika kwanza, Mungu anisamehe, kwa hofu yote niliyokula. Halafu akanieleza, kwa Kiingereza chake, mbiombio. Yeye ni mdogo, hawezi kujifungulia huduma ya kutumiana hela. Malipo ya kusuka tangu zamani yaliingia kwa simu ya mama yake. Mama alipokufa aliificha simu nisiizime. Kila mwezi alichukua hela zake za kusuka akazituma kwenye ile nambari ya kwenye bango.

Nikamuuliza, kwa nini? Mama yako alishafika.

"Bango lilisema bado hatujafikisha, Anti. Nilidhani zikitimia, zamu yangu itakuja."

Miezi yote hii anasuka watu mpaka vidole vinavimba, mimi namfokea kwa nywele za zuliani. Na sikumwambia kamwe kwamba namtafutia tiketi. Nilitaka iwe ghafla, afurahi. Nimekaa chini pale pale kwenye nywele nikalia naye.

Kikombe ni yeye, hunywea maziwa nikiwa kazini. Ndara ameapa si yeye.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimerudi tawini kuchukua koti. Nimemwomba keshia radhi. Bonasi hawatanipa, na ni haki yao. Mteja mpya ni mteja mpya.

Zilizomo kwenye akaunti ya msiba zimeipita bonasi. Tumekata tiketi leo, Sharon amebonyeza mwenyewe.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimemsindikiza uwanja wa ndege. Anasafiri na mama mmoja wa kanisani anayeenda Kisii. Amebeba simu ya mama yake, anataka kumwachia bibi. Hakugeuka nyuma. Nimekasirika kidogo, halafu nikaelewa.

Jumanne, 23 Desemba

Asubuhi ujumbe umeingia. Huyu mtoto ukimwongelesha Kiswahili, yeye hukujibu kwa Kiingereza. Leo ameandika: Nimemwona Mama.

Nimepitia benki kabla ya kazi kufunga ile akaunti ya Januari. Keshia ameuliza sababu, ni lazima ajaze. Nimemwambia yule tuliyekuwa tunampeleka amefika. Ameandika kitu, sijui nini.

Theluji tangu mchana. Niko peke yangu nyumbani. Ndara ziko mlangoni pa bafu. Nimezivaa. Zinanitosha.